Sifa za Donge Lisilokauka

Washairi wa pwani wamesifu mnazi, wamesifu jahazi, wamewasifu na wanawake ambao hawakuwajibu. Donge hakuna aliyelikumbuka. Nasema donge lile la unga wa ngano, chumvi na maji, wanalopewa watoto wa chekechea siku za mvua ili wafinyange ng'ombe na wazazi wapumzike. Nimekaa nalo msimu wa masika hapa Marereni, Magarini, chini ya paa moja la bati, na naona nina deni la kulisifu hadharani.

Sikulitafuta, lilinijia. Masika ya 2024 shule zilikuwa zifunguliwe Aprili 29. Mafuriko yakaisukuma tarehe hadi Mei 6. Kabla Mei 6 haijafika, tukatangaziwa kuwa sasa hakuna tarehe kabisa. Nami ni karani wa mizani kwenye mabwawa ya chumvi, na chumvi ni kazi ya jua: maji ya bahari huingizwa bwawani, yakatulia, yakapungua siku hata siku mpaka chumvi ikaganda chini. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi, na mvua ya usiku mmoja inatosha kuharibu kungoja kwa wiki nzima. Mvua ikishika, kibarua hurudi nyumbani mikono mitupu, na karani humfuata nyuma, kwa kuwa hakuna cha kupima.

Basi tukawa ndani: mimi, binti yangu wa miaka mitano, mdogo wake wa miaka mitatu, na hawe yao, yaani nyanya yao. Ndipo simu ikalia, ujumbe wa mwalimu. "Mzazi mpendwa, mtoto asikae bure." Mtoto afinyange wanyama watano wa nyumbani. Vikombe viwili vya unga, kimoja cha chumvi, kimoja cha maji. Wanyama wakauke, wapakwe rangi, mzazi apige picha ya kila hatua, kisha waletwe shule zikifunguliwa.

Sifa ya kwanza ya donge, na iliyo kuu, ni subira. Wahenga walituharakisha bure kwa kusema udongo upatize ungali maji. Hawakulijua donge. Hili halina haja ya kupatizwa, maana li maji siku zote. Lilikuwa maji Jumatatu tulipolikanda, likawa maji Alhamisi, na Jumapili iliyofuata lilikuwa maji kuliko Jumatatu. Siri yake ni chumvi. Hewa ikipita unyevu wa asilimia 75, hata chumvi safi huanza kuyeyuka yenyewe, na hii yetu ya mawe, iliyotoka bwawani na magnesi yake, haingoji kufika huko. Mwezi wa Mei Marereni hata kiberiti hakiwaki, seuze ng'ombe wa unga kukauka. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini donge halimtaabishi mgema. Maji linajitilia lenyewe, usifu usisifu.

Tazama sasa subira hiyo ilivyotenda kazi. Siku ya kwanza binti yangu alifinyanga ng'ombe, na alikuwa ng'ombe hasa, na nundu yake. Siku ya pili ng'ombe alipiga magoti. Binti akamtazama, akasema, "Baba, huyu ni mbuzi." Siku ya tatu tumbo lilifika chini, akawa kobe. Ya nne pembe ziliungana na mkia, akawa samaki taa. Ya tano alikuwa bapa sahani nzima, na mtoto akatamka bila wasiwasi kuwa ni chapati. Hesabu mwenyewe: shule ilitaka wanyama watano, nasi tumetoa wanne na kitafunio kutokana na mnyama mmoja, tena na picha za kila hatua. Mfinyanzi gani wa udongo angeweza? Chungu kikishachomwa hubaki chungu mpaka kivunjike, hakina mawazo mapya. Donge halikatai kuwa kitu chochote, kwa sharti moja tu, kwamba lisiwe hicho kesho.

Sifa nyingine nazitaja kwa haraka. Donge halibagui: limeingia kwenye kandambili zangu, kwenye tundu la chaja na kwenye nywele za mdogo mtu, ambaye sasa ana upara wa mzee wa baraza. Donge ni mlinzi: usiku ukikanyaga sebuleni, utajua uko wapi. Donge ni mwalimu wa afya ya mifugo pia, kwani jogoo wa hawe aliingia kujikinga mvua, akamdonoa ng'ombe mpaka akashiba, na kesho yake hakuwika tena. Chumvi nyingi humwua kuku. Tulimla kwa heshima, na hakuhitaji kuongezwa kitu.

Ila siku ya sita alikuja jirani yangu, mama wa watoto watatu, ambaye hukwangua chumvi kule kule ninakopima. Ujumbe ulikuwa umemfikia pia. Alikaa kwanza, akaulizia afya ya kila mtu, akasifu mvua kwa ajili ya mahindi, halafu akaniuliza kwa sauti ndogo: sima ya jana ikikandwa na chumvi, itahesabiwa?

Hapo sikucheka. Kilo ya unga wa ngano ni chapati za nyumba nzima. Mtu hajalipwa tangu mabwawa yajae mvua, halafu anaandikiwa, kwa upole na salamu, achukue chakula akifanye mbuzi, ampake rangi, ampige picha kwa bando la kununua! Na asipofanya ataambiwa hajali elimu ya mwanawe. Nani aliketi mahali pakavu akaona unga ndio udongo wa maskini? Nje ya mlango wangu palikuwa na tope la kufinyanga ng'ombe wa kata nzima, la bure, na lenyewe hukauka.

Niwieni radhi. Nilikuwa nasifu.

Hawe yao hana simu, kwa hiyo hakuwa na zoezi. Alikata ukuti mbichi, akamsukia mjukuu saa ya mkononi, kisha feni ya kukimbia nayo barazani, kisha nyoka anayeng'ata kidole ukimvuta mkia. Akachukua milala iliyobaki kwenye mkeka wake, akamwonyesha mtoto kupitisha juu, chini, juu, chini. Vifuu viwili vikawa mizani, na kokoto zikawa chumvi, na nikapimiwa. Yote haya si uvumbuzi wake. Mradi wa chekechea za madrasa ulioanza Mombasa miaka ya 1980, Bi Swafiya Said akiwa mmoja wa waanzilishi wake, uliwafundisha walimu kutengeneza vifaa vya kuchezea kwa vitu vinavyookotwa pwani hii hii. Na mtaala mpya ulioanza madarasani mwaka 2019 hausemi tofauti: tumia vilivyomo katika mazingira ya mtoto.

Sasa unga uliingiaje? Nimefuatilia, nami ni karani, nazijua njia za makaratasi. Mtaala hutoka Nairobi. Chekechea, kwa Katiba ya 2010, ni ya kaunti. Ujumbe hutoka kwa mwalimu, ambaye naye ameupokea kutoka kundi jingine la simu, na huko umetoka kwa mtu aliyeuona mahali. Kila mmoja hupokea kutoka juu akapitisha chini, na anayekanda ni yule wa mwisho. Ukiuliza, mtaala ni mzuri, kaunti inajitahidi, mwalimu ameelekezwa. Ukigusa popote ni laini, na kidole kinanasa.

Wala kupokea na kupitisha hivi si jambo geni hapa Magarini. Mwaka 2006 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilitoa ripoti nzima juu ya viwanda vya chumvi vya hapa, baada ya kuwasikiliza wenyeji waliolalamikia ardhi, mikoko na visima vilivyogeuka chumvi. Ripoti ilifinyangwa vizuri, ina miguu minne na pembe. Mpaka leo malalamiko hayo hayo nayasikia chini ya mwembe. Mimi ninayekula kwa chumvi hiyo nayasema haya kwa sauti ndogo, kama jirani yangu na sima yake.

Shule zilifunguliwa Mei 13. Tulimpeleka mnyama wetu ndani ya sufuria, maana hakubebeka vingine. Binti alivaa saa yake ya ukuti. Saa haikuulizwa, haikuwa kwenye orodha. Donge lilitazamwa kwa makini, na karatasi ikarudi jioni. Ngazi ziko nne, na ya juu kabisa ni ya mtoto anayezidisha matarajio. Wetu aliandikiwa, "Anakaribia matarajio." Nilitaka kuuliza kama ni yeye au ni donge, nikaona majibu yatakuwa yale yale.

Sufuria iliporudi nyumbani tuliiacha dirishani. Mvua ilipokatika na jua likashika siku tatu mfululizo, donge lilipasuka kimya kimya na pembeni likaota weupe. Nilijua ni nini kabla sijaonja. Nikakwangua, nikapata kiasi cha kushika kwa vidole viwili, mavuno pekee niliyoyaona mwezi ule. Hawe akaichukua chumvi ile, akaitia mchuzini, akaonja.

"Imezidi," akasema.