Kiboksi cha 8K

Ukienda Kariakoo au Luthuli Avenue kutafuta kiboksi cha Android cha kuchomeka kwenye runinga, utaoneshwa "8K" iliyokolezwa juu ya kasha kama hina ya bibi harusi. Isikuzuzue. Netflix haitoi picha yake kali kwa kila anayebisha hodi. Inataka kifaa ilichokiidhinisha, chenye Widevine, yaani ulinzi wa video dhidi ya kunakiliwa, ngazi ya L1. Kisicho nao, hata kiandikwe 16K, kwa kawaida huambulia mistari 480, picha ya enzi za DVD. Muuzaji atakujibu kwamba YouTube inacheza safi. Kweli, lakini runinga nyingi za kisasa huja nayo tangu kiwandani. Sasa yeye unamlipa kwa lipi? Wengine watasema nunua Fire TV Stick halisi, iliyoidhinishwa na Netflix, yaishe. Sawa, ila saa moja ya Netflix ya 4K hula hadi GB 7, na bando lako la wiki huenda likakata roho kabla muuaji wa kwenye filamu hajajulikana. Basi kabla hujatoa hela, mwambie muuzaji afungue mbele yako programu ya DRM Info, inayoonesha ngazi ya Widevine. Ikisoma L3 badala ya L1, mwachie 8K yake.