Rupia za Mjerumani Sina

Hapa Tanzania, ukipenda ramani za zamani umejitafutia kesi. Tundika sebuleni kalenda ya duka la mbolea, hakuna atakayeitazama mara mbili. Tundika ramani ya Deutsch-Ostafrika, iliyochapwa Berlin kabla ya vita ya 1914, uone watu watakavyoanza kukuamkia kwa adabu.

Mdogo wake mke wangu alikuwa haonekani hata misibani. Sasa kila Jumamosi yuko kwangu, pua imegusa kioo cha fremu, ukucha unatambaa kwenye vialama.

"Shemeji, hapa pana msalaba."

"Misheni hiyo."

"Na hiki kijisanduku?"

"Boma."

Ananitazama kwa huruma, kama mtu anayedanganywa lakini kaamua kuvumilia. Kwa hesabu zake, Mjerumani alipotimuliwa alifukia rupia zake zote, akachora alipozifukia, halafu akaiacha ramani izagae minadani Ulaya, ije inunuliwe na mimi mwenye deni la ada. Mjerumani huyo alikuwa mgonjwa? Watu walioiandika Lushoto kuwa Wilhelmstal, Kasanga wakaiita Bismarckburg, na kilele cha Kilimanjaro wakampa Kaiser wao, hao ndio wa kuficha kitu kimyakimya?

Nikaona nimtibu. Nikamtolea nakala ya ramani ya wamisionari Erhardt na Rebmann wa Rabai, iliyotoka mwaka 1856. (Nakala tu, ya asili ningeuza kiwanja.) Wazee wale walikusanya habari za wasafiri wa misafara, na kila njia ya bara ikawafikisha kwenye maji. Basi wakaunganisha Nyasa, Tanganyika na Ukerewe kuwa ziwa moja la kutisha, limejikunja katikati ya Afrika kama konokono asiye na nyumba. London walishangaa hata wapelelezi Burton na Speke wakatumwa, na mwaka 1857 wakatoka pwani kwenda bara kuhakikisha. Ramani ninazozipenda ni za namna hiyo: zimekosea kwa kujiamini kabisa.

"Umeona?" nikamwambia. "Ukichimba kwa kuifuata hii utapotea."

Akakaa kimya, akaikagua, akashusha sauti.

"Kumbe wameitosa ziwani."

Wiki hii amekuja na rafiki yake, mwenye mashine ya kutambua madini, wakaanza kupimapima karibu na choo changu. Mke wangu akawachemshia chai!

Ndugu zangu, anayetaka kuona ramani karibuni, mlango uko wazi. Majembe yabaki nje ya geti.