Namna ya Kulala na Msagaji Meno

Mwongozo huu ni wa yeyote anayegawana kitanda na msagaji hapa Likasi, awe wa Kikula, Panda au Shituru. Malori ya shaba yapitayo usiku tumeyazoea. Meno ya mwenzio usiyazoee.

1. Usimpige kiwiko. Taya halikuanzisha fujo. Gilles Lavigne na wenzake wa Montreal, Kanada, walipowapima wasagaji wakiwa usingizini, waliona mwili unajiandaa kwanza. Dakika chache kabla ya kusaga, neva za kuhamasisha mwili huchangamka. Sekunde kama 4 kabla, ubongo huzinduka kidogo bila mtu kuamka. Moyo huongeza mwendo, ndipo taya linapokaza.

2. Shika shavu lako, kisha uma meno. Kinachotuna chini ya kidole, karibu na pembe ya taya, ni msuli wa kutafunia. Unaamrishwa na neva ya trijemini, yenye matawi 3 usoni. Neva hiyo ikisisimuliwa sana, habari hufika kwenye shina la ubongo, na kupitia neva ya vagasi mapigo ya moyo huweza kupungua. Wapo wataalamu wanaodhani kusaga ni njia ya mwili kuutuliza moyo uliokwenda mbio. Hilo halijathibitishwa, basi usimwache asage ukidhani anajitibu.

3. Usimnyweshe dawa ya minyoo kila akisaga, ukidhani minyoo ndiyo sababu. Minyoo ipimwe kwanza. Chunguza pia vichochezi vingine: pombe kali ya lutuku na chupa za bia ya Simba za usiku, sigara, kahawa ya jioni, na mawazo ya mshahara uliochelewa. Jioni mpe kinywaji cha munkoyo mbichi, usiochacha, mzungumze hayo ya mshahara kabla ya kulala.

4. Sikiliza pumzi zake. Akikoroma, pumzi ikakatika, kisha akashtuka akihema, mpeleke kwa daktari. Tatizo hilo huandamana na presha, na presha huumiza moyo kimyakimya.

5. Asubuhi mkague kinywa dirishani. Ukiona ncha za meno zimelika zikawa bapa, na ulimi una alama za meno pembeni, mpeleke kwa daktari wa meno amtengenezee kikinga cha meno. Kikinga huyaokoa meno, lakini hakikomeshi kusaga.

6. Mweleze uliyosikia, kwa upole. Msagaji aliyelala hajisikii, na daktari hawezi kukesha kitandani kwenu. Shahidi ni wewe: sema ni saa ngapi, mara ngapi, na pumzi zilikuwaje. Uchunguzi utaanzia hapo.