Bitaswiti Uani: Mwongozo kwa Mwenye Nyumba Mpya

Hongera kwa kupata nyumba Massachusetts. Sasa unautazama uzio wa nyuma, unauona mtupu, na unataka mmea wa kuutambalia: utoe maua, upukutishe majani baridi ikiingia, na ukuachie matunda mekundu ya kutazama dirishani theluji ikitanda. Unaoutafuta ni bitaswiti ya Asia, Celastrus orbiculatus. Ililetwa Marekani kuwa pambo kwenye miaka ya 1860, na hadi leo haijaonyesha dalili ya kutaka kurudi kwao.

Usihangaike kuinunua. Jimbo limepiga marufuku kuiuza, lakini ndege hawana habari na sheria. Watakula matunda kwa jirani, watatua juu ya uzio wako, na mengine unayajua. Mbegu haidai mbolea wala jua. Huota hata kivulini, ikangoja nafasi.

Maua yakija, usialike watu. Ni madogo, ya kijani kilichopauka, yamejificha kwapani mwa majani. Subiri Oktoba. Majani yanageuka manjano, ganda la kila tunda linapasuka pande tatu na kukunjuka, na ndani kumekaa kitu chekundu kinachong'aa. Hapo ndipo wengi hulegea. Hukata matawi, wakasuka shada la mlangoni kwa sikukuu ya Shukrani, kisha Januari shada hutupwa nyuma ya banda. Shamba la pili hilo. (Watoto waambiwe mapema: hayaliwi.) Yako isipozaa kamwe, huenda ni dume, maana kwa kawaida dume na jike ni mimea mbalimbali. Shukuru, unyamaze.

Ipe mti unaoupenda. Haishiki kwa vikonyo kama mzabibu. Hujiviringisha shina zima, na mti unaponenepa yenyewe hailegei. Ukiibandua utakuta gome limebonyea kwa mzunguko, kama shingo ya mbuzi aliyesahauliwa kambani. Huko juu inatandaza majani yake juu ya majani ya mwenyeji wake na kumnyima jua. Theluji nzito ikiongezeka juu ya mzigo huo, mti hulala chini, na miti haichagui pa kulala. Sogeza gari.

Ukichoka nayo, njia ya mkato ni kuikata na kwenda zako. Kisiki kitachipua kwa furaha. Asiyependa furaha hiyo hung'oa miche midogo baada ya mvua, pamoja na mizizi yake ya rangi ya chungwa, maana kipande kinachobaki huota. Shina nene hukatwa usawa wa kiuno na tena karibu na ardhi, kisiki kikapakwa dawa ya magugu papo hapo. Sehemu ya juu iachwe ikaukie mtini. Ukiivuta itashuka na tawi. Matunda yatiwe kwenye mfuko wa taka, si kwenye mboji.

Lakini kabla ya kunoa msumeno, angalia vizuri. Ipo bitaswiti ya kienyeji, Celastrus scandens, mpole zaidi na inayozidi kuadimika, ambayo huzaa nchani mwa matawi tu, na ganda lake ni la chungwa. Ukiona matunda yamejipanga tawi zima, kila kwapa la jani, na ganda ni la manjano, anza kukata.