Kutia Kioo Kabatini Bila Kumwita Fundi

Kwanza, usipime. Mlango wa kabati umeuunga mwenyewe, na wajua pembe zake zote nne zimekaa sawa. Haja gani ya kuvuta futi kutoka pembe hadi pembe, halafu pembe nyingine mbili, kuona kama vipimo vinalingana? Visipolingana itabidi ukubali kuwa mlango uko upogo, na bado hujanywa chai.

Kazi ifanyie barazani baada ya Alasiri, muuza kahawa akishapita. Hapa Kibokoni, Mombasa, hukosi washauri wa bure. Mzee mmoja atanyanyua kikombe akuambie, "Mwanangu, kioo hicho hakiingii." Mjibu kwa adabu: "Kitaingia, ami." Kisha kisukume.

Agiza kioo kilingane kabisa na mfuo uliochimba kwenye fremu. Mkata vioo, almasi mkononi, atakuomba apunguze milimita 3 urefu na 3 upana, kwa kuwa mbao hufura. Mwambie zako hazifuri. Ni kweli kisiwa hiki kimezungukwa na maji, na masika ya Aprili na Mei droo za mtaa mzima hukwama. Lakini hizo ni droo za watu. Kuhusu unene, milimita 4 zatosha mlango wa kabati. Chukua 6, bawaba zipate mazoezi.

Kukifikisha nyumbani ni starehe ya peke yake. Tuktuk itakushusha mdomoni mwa kichochoro, basi, mengine yako. Wazoefu hukibeba kimesimama, kwa sababu kikilala hujikunja kwa uzito wake. Wewe kilaze kama sinia ya pilau, uipite Ndia Kuu katikati ya pikipiki na mikokoteni ya maji, ukipiga kelele "Kioo! Kioo!" Watu watasogea. Pikipiki, wallahu a'lam.

Sasa vipapi vya kushikilia. Fundi hutoboa vitundu kwanza kwa keekee nyembamba, akalaza kadibodi juu ya kioo ili nyundo iteleze, akapigilia misumari ya shaba. Woga mtupu! Chukua misumari ya chuma, ile ya bei rahisi, uitwange moja kwa moja. Chumvi ya bahari itaianza mapema, na michirizi ya kutu itateremka juu ya rangi nyeupe uliyoipaka kwa ajili ya Idi. Ukipenda gundi ya silikoni inayonuka siki, ipake kwa wingi. Siku kioo kitakapovunjika, hutaweza kukibandua bila kuubomoa mlango.

(Wazee wetu wa pwani hii, Lamu hasa, walijenga vidaka ukutani, wakapanga sahani za Uchina, yakaisha. Hakuna aliyekatwa kidole. Lakini hawakuwa na kitu cha kufuta kila Ijumaa.)

Kikipasuka, usijilaumu. Sema ni kijicho cha jirani, ukaagize kingine kwa vipimo vilevile.

Kikisalimika, panga ndani vile vikombe vya Dubai vyenye ukingo wa dhahabu, funga, na ufunguo utiwe pindoni mwa leso ya mama. Mgeni akija, mkalishe akilielekea kabati, umletee chai ya maziwa kwa kikombe cha plastiki.