Mbinu za Kuivuruga DS Kimyakimya

Ukitaka programu yako ya DOS ifie mbali na mahali ulipoikosea, hakuna silaha inayoishinda rejista ya segmenti. Mwongozo huu ni wa watumiaji wa Turbo Pascal 6.0, toleo la 1990 lililoruhusu asembli kuandikwa katikati ya Pascal. Watu wa Turbo C wanakaribishwa, machungu ni yaleyale.

Kwanza, usisome masharti. Yanasema kipande chako cha asembli kiziache BP, SP, SS na DS kama kilivyozikuta. Ni nne tu, na ES umeachiwa uichezee upendavyo. Mwoga angetosheka nayo.

Jipashe misuli kwa kuandika mov es, 0A000h. Itakataliwa papo hapo, maana prosesa haina amri ya kutia namba moja kwa moja kwenye rejista ya segmenti. Lazima ipitie rejista ya kawaida kama AX, au kumbukumbu. Kosa linalokamatwa mapema hivyo halina ladha, tuliache.

Utamu uko kwenye lds. Tuseme unanakili picha ya baiti 64,000 kwenda kwenye skrini ya 320 kwa 200. Andika lds si, Picha, kisha les di, Skrini, kisha rep movsw. Ikiwa Skrini ni pointa ya programu nzima, husomwa kupitia DS, na DS umeshaihamishia kwenye picha. Kwa hiyo anwani ya skrini itachotwa kwenye rangi za picha yenyewe. Kama ni machweo, data zako zitamwagwa popote machweo yatakapoamua.

Fundi wa kweli huzipitisha pointa zote mbili kama parameta. Parameta hufikiwa kwa BP, na BP hutumia SS, hivyo kila kitu kitasomwa sawasawa na picha itatokea safi. Bosi atakupongeza. Asichojua ni kwamba hukuirudisha DS, na kompaila haina tabia ya kukukagua: mistari inayofuata inaendelea kuiamini. Mchezaji aliyekuwa na alama 40 sasa ana alama zinazolingana na rangi ya anga. Ukijaribu kuchunguza kwa WriteLn, hiyo nayo huutafuta mlango wake wa kutolea maandishi kupitia DS. (Wanyonge huanza na push ds na kumaliza na pop ds. Baiti mbili nzima! Israfu.)

Kwa waliokomaa kuna SS. Ibadilishe, fanya shughuli nyingine kidogo, ndipo ukumbuke SP. Prosesa huzuia intarapti kwa amri moja tu inayofuata, na 8088 za mwanzo hata hiyo moja hazikuizuia.

Kijana wa Linux ya biti 64 atalalamika kuwa DS na ES hazina makali tena, kwani msingi wa kila moja huhesabiwa kuwa sifuri. Asikate tamaa, FS ipo, na ndiyo inayoonyesha hifadhi binafsi ya kila uzi wa programu. Kwenye prosesa ya Intel, atie sifuri ndani ya FS kisha aiache funksheni iliyolindwa irudi kwa aliyeiita. Itakwenda kuhakiki namba yake ya ulinzi pale fs:0x28, na kuangukia hapohapo, kwenye ukaguzi wa usalama.