Muulize Mzee Najua: Baridi Imenishinda, Nihamie Tanga?

*Shikamoo Mzee Najua. Nimestaafu mwaka jana hapa Njombe. Kipupwe hiki nimelala na soksi jozi mbili na koti juu, na magoti bado yanalia. Kiinua mgongo kimetoka. Nafikiria kuuza nyumba nihamie Tanga nikaote jua. Wanishauri nini?*
*Soksi Mbili, Njombe*

Marahaba, mdogo wangu. Kwanza nikupongeze kwa akili. Sisemi akili ya kutaka kuhama, hiyo tutaitazama. Nasema akili ya kuniandikia mimi. Wengine wangekimbilia kwa daktari wa magoti.

Barua yako imenikuta barazani kwangu Makorora, miguu ikiwa ndani ya beseni la maji. Beseni hilo halihusiani kabisa na joto. Ndivyo ninavyofikiri.

Kabla ya jibu, ni haki yako kujua unazungumza na nani. Kwa miaka 22 nilikuwa msimamizi mkuu wa hali ya hewa katika shamba moja la chai huko huko kwenu. Mama watoto husema nilikuwa msoma kipimajoto, na ni kweli kitambulisho kiliandikwa "kibarua wa ofisi". Lakini nani alikifungua kile kisanduku cheupe cha mbao kila siku saa tatu asubuhi? Nani aliandika daftarini kwa penseli, vidole vimekufa ganzi? Asubuhi moja ya Julai nilitoka nikakuta nyasi zimekuwa nyeupe, kila nikikanyaga zinalia kama chapati ya juzi. Jua lilipopanda, machipukizi ya chai yakageuka kahawia kana kwamba mtu amepita na mwenge. Meneja akaniuliza, "Hii nini?" Nikamjibu, "Sakitu, bwana. Umande umeganda." Akanyamaza, akaenda zake. Tangu siku ile sidhani kama lilifanyika jambo la maana pale shambani bila kivuli changu.

Basi pokea elimu. Njombe iko karibu mita 2000 juu ya usawa wa bahari, na kila ukipanda mita 1000 joto hupungua nyuzi kama 6 na nusu. Usihangaike na hesabu, nimeshakupigia: ukishuka Tanga umeongeza nyuzi 13 bila kuwasha kiberiti.

Na kwa kuwa nimetaja kiberiti: lile jiko la mkaa mnaloliingiza chumbani usiku na kufunga madirisha, litoe leo. Mkaa hutoa hewa ya kaboni monoksidi, haina harufu wala rangi, na mtu huenda nayo akidhani amepata usingizi mtamu. Hapo sina mzaha. Sasa turudi kwangu.

Nilihamia Tanga miaka 11 iliyopita. Wenyewe huuita mji huu Waja Leo Waondoka Leo. Mimi nilikuja leo, na leo yenyewe bado haijaisha. Wiki ya kwanza nilikuwa sultani. Ulikuwa mwezi wa Julai, kusi inavuma, anga safi. Nikakaa Raskazone na kikoi changu na dafu mkononi, nikawapigia simu watu wa Njombe mmoja baada ya mwingine kuwauliza hali ya hewa, hali naijua.

Kisha ikaja kaskazi.

Mdogo wangu, mchana wa Februari hapa kipimajoto husoma nyuzi 32 au 33. Utasema, hizo tu? Nami nilisema hivyo hivyo, tena kwa sauti, mbele ya watu. Lakini kipimajoto hakina ngozi. Mwili haupoi kwa kutoa jasho, hupoa jasho linapokauka, na hewa ya pwani imeshashiba maji kama tambara la kudekia. Jasho lako halina pa kwenda. Linakaa nawe kama mgeni aliyekosa nauli. Unaoga, unajifuta, ukimaliza kujifuta hujui kama hayo ni maji au ni lile jasho limerudi, unaoga tena. Kuna siku nilioga mara saba, jirani akaja kuniuliza kwa adabu kama nina nadhiri.

Tena sisi wenye umri tuna kasoro mbili ambazo vijana hawana. (Mimi nina moja.) Ya kwanza, kiu yetu imezeeka: mwili unataka maji, kiu bado iko njiani. Ya pili, wengi tunameza vidonge vya presha, na vile vya kukojoza vikikutana na joto vinaweza kuukausha mwili, ukainuka kitini na dunia ikazunguka. Mwone daktari aziangalie dawa zako kabla hujahama, usingoje uanguke. Mimi nilipoanguka nilikuwa nafanya utafiti.

Halafu kuna mbu. Njombe ni kati ya mikoa yenye malaria kidogo kabisa nchini. Usidhani mbu wanawaogopa Wabena. Kimelea cha malaria ndani ya tumbo la mbu huhitaji joto ili kikomae, na kwenye baridi mbu huwahi kufa kabla hakijawa tayari. Huku kinakomaa vizuri sana. Nawe uliyekaa mlimani maisha yote, damu yako haijui vita hivyo. Chandarua chenye dawa kila usiku, na homa ikikushika upimwe siku hiyo hiyo. Mbu wa kwanza kuniuma Tanga, kwa taarifa yako, alikufa papo hapo. Mama watoto anadai ni kandambili yake. Mimi nina maelezo mengine.

Sasa dawa. Nimebuni mazoezi ya siku tatu yaitwayo Mbinu ya Najua, na nakuomba usimpe mtu kabla sijapata hatimiliki. Siku ya kwanza, kaa jikoni mchana shemeji anapochemsha maharage, umevaa koti la mvua, dakika arobaini. Mlango uwe wazi, nimeshakwambia habari ya mkaa. Siku ya pili, jifunike uso kwa taulo lililotoka kwenye maji ya moto, na mjukuu akupigie mluzi mwembamba sikioni usiku kucha. Siku ya tatu, nyunyizia redio yako maji ya chumvi. Ikizimika, hongera, umefika Tanga. Chumvi ya bahari hula bati, misumari, bawaba na roho ya televisheni. Bati la Njombe humzika mwenye nyumba. Bati langu la kwanza hapa nililizika mimi.

Na kiwanja! Nilinunua kiwanja mwezi Januari kwa dalali mmoja mwenye meno ya kupendeza. Kilikuwa kikavu kama muwa uliotafunwa. Nikakizunguka mara tatu, nikapiga ardhi kwa kisigino kama mjuzi, dalali akasema hajawahi kuona mteja anayejua udongo kama mimi. Nikalipa palepale. Masika ilipofika Aprili nikaenda na fundi kuchimba msingi, tukakuta kambare. Tulimtoa, na nakiri alikuwa mtamu, lakini ni samaki wa bei mbaya kuliko wote niliopata kula.

Nina siri moja ambayo sijawaambia wasomaji miaka yote hii. Mwaka wangu wa tatu hapa, alfajiri moja ya Julai, kipimajoto kilisoma nyuzi 20. Mdogo wangu, nilitetemeka. Nikafungua sanduku, nikatoa lile koti la mtumba nililokuja nalo, nikalivaa mpaka kidevuni. Nyuzi 20, ambazo kule shambani tungevua sweta! Mwili ukishazoea joto huona baridi pasipo na baridi. Niliikimbia Njombe, nikaikuta imekaa mifupani mwangu ikinisubiri. Koti liko nyuma ya mlango hadi leo. Ni la kumbukumbu.

Jibu lako nitalitoa mwishoni, kwa sababu kuna wengine wanaosubiri hekima.

*Assalaam aleikum Mzee Najua. Nimestaafu uuguzi hapa Leicester. Mifupa haiitaki tena Januari ya Uingereza. Nirudi Zanzibar moja kwa moja, au niwe nakwenda na kurudi?*
*Bi Shungi la Sufi, Leicester*

Waaleikum salaam, dada yangu. Uingereza sijafika, jambo linaloniwezesha kuizungumzia bila upendeleo.

Tuanze na pesa. Ukihamia Tanzania moja kwa moja, pensheni ya serikali ya Uingereza utaendelea kulipwa, lakini itabaki pale pale. Ile nyongeza wanayopata kila mwaka wenzako waliobaki Leicester huipati. Aliyehamia Mauritius anaipata, aliyehamia Kenya au Tanzania haipati, na mimi sikushirikishwa katika uamuzi huo. Huko huiita pensheni iliyoganda. Yaani unaikimbia barafu, halafu pesa yako inaganda kwa niaba yako.

Matibabu ya bure ya hospitali zao nayo yamefungwa kwenye ukazi, wala hayaangalii pasipoti. Na kama pasipoti yao uliichukua, kumbuka Tanzania haina uraia pacha kwa mtu mzima. Utapiga hodi kwenu ukiwa na kibali mkononi, huku shangazi yako akikuchungulia dirishani.

Mimi ningefanya kama wenye majahazi. Wazee wa Oman na Ghuba walishuka kwetu na kaskazi kuanzia Desemba, wameleta tende, wakapakia boriti za mikoko, na upepo ulipogeuka kuwa kusi mnamo Aprili wakapandisha tanga wakarudi. Karne kwa karne! Na hakuna aliyeuza nyumba yake Sur ili aje kuota jua Unguja. Babu yangu alikuwa nahodha. Mama watoto anasema alikuwa mpishi wa jahazi, lakini nahodha anakula nini?

Ila usisahau: majira unayoikimbia baridi ndiyo majira ya kaskazi yenyewe. Utatoka ndani ya jokofu na kuingia tanurini. Njoo na magauni mepesi, na lile shungi la sufi uliache lilinde nyumba.

*Mzee Najua, mume wangu amekuandikia habari za Tanga akidhani sijui. Hiyo nyumba anayotaka kuuza tumejenga wote. Mwambie.*
*Mama Soksi, Njombe*

Shikamoo shemeji. (Najua mimi ni mkubwa, lakini mwandiko wako umenitisha.) Nimwambie mara ngapi? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamzuia mwenzi mmoja kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Na mimi sijapata kupinga sheria yoyote iliyoshikwa na mwanamke aliyeshika pia mwiko wa ugali.

Wakati tunahama, mama watoto alinipa ridhaa yake kwa sharti moja, nalo nitalieleza siku nyingine.

Sasa umeme umekatika, feni imesimama, maji ya beseni yamekuwa chai, na mhariri anataka ukurasa wake. Nahitimisha haraka.

Soksi Mbili, usiuze. Kiinua mgongo, hata baada ya mkupuo wa baadhi ya wastaafu kupandishwa mwaka 2024 kutoka asilimia 33 hadi 40, hupokelewa mara moja tu. Kambare wangu ni shahidi. Kila kitu kikague katika mwezi wake mbaya: joto la Tanga lionje Februari, kiwanja kitazame Aprili, bati litazame nyumbani kwa mtu aliyekaa miaka mitano. Panga chumba mwezi mmoja, njoo na shemeji, na yeye awe ndiye anayeamua. Februari ikipita nanyi bado mnazungumza, Tanga ni yenu. Magoti mpelekee daktari. Ukishatimiza miaka 60, uliza dirisha la wazee, usipange foleni na vijana wenye mafua.

Ikiwa unatafuta pa kufikia, ninaifahamu nyumba moja nzuri sana Makorora, vyumba viwili, baraza pana, beseni limo. Kodi nafuu. Mwenye nyumba ni mtu mwenye hekima, na itakuwa wazi Februari yote.

*Tangazo kwa wasomaji: Safu hii haitatoka mwezi Februari. Kama ilivyo kila mwaka, Mzee Najua atakuwa Lushoto na mama watoto, kwa utafiti.*